Kabla wingu halijafika: majirani wa Kisumu, Nyando, Budalang'i na Nakuru wajipange vipi kwa dhoruba?

JiraniManyatta aliandika:

Wadau, hamjambo. Kila msimu wa mvua ndefu ukikaribia, ujumbe ule ule hurudi kwenye makundi ya simu: kimbunga kinakuja Kisumu, fungeni milango, nunueni mishumaa. Nauliza mambo mawili. Kwanza, kuna ukweli wowote? Pili, uwe upo au usiwepo, chukueni plot ya nyumba kumi na mbili za mabati, mtaro wazi mbele ya lango, choo kimoja cha shimo, bibi mmoja asiyeweza kutembea na watoto wapatao ishirini. Hao majirani wafanye nini, na kwa mpangilio gani? Tafadhali tusiambiane tu "kaeni chonjo". Wenye ufundi wao waandike vipimo.

WinguLaNamLolwe aliandika:

Kimbunga chenyewe, kile cha baharini chenye jicho katikati, hakifiki Kisumu. Kinahitaji maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na kinahitaji mzunguko wa dunia ukisokote. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kusokota haipo, ndiyo maana ni nadra sana vimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 kaskazini au kusini ya mstari. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wenyewe. Idai kilipiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019, na Hidaya kikafika pwani ya Tanzania mapema Mei 2024. Vikiwa kule mbali hubadilisha mkondo wa upepo: mara nyingine huvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo ikatunyeshea huku magharibi, mara nyingine huinyonya mvua yetu ikachelewa. Basi.

Kinachotupiga sisi ni dhoruba ya ngurumo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo wa ziwani unaingia bara, unakutana na upepo wa mashariki karibu na milima ya Nandi na Kericho, hewa inapanda na wingu linajijenga. Hewa baridi ikiporomoka kutoka kwenye wingu hilo hugonga ardhi na kutawanyika kwa kasi. Upepo huo ndio ung'oao mabati, na mara nyingi hutangulia tone la kwanza kwa dakika chache tu. Usiku mambo hugeuka, mawingu yanajijenga juu ya ziwa lenyewe, na hapo wa hatarini ni wavuvi.

Sasa sikilizeni tofauti iliyo muhimu kuliko jina la upepo. Kule Marekani, onyo la harikeni, ndivyo wanavyokiita kimbunga, hutolewa takribani saa 36 kabla ya upepo mkali kufika. Mtu ana muda wa kununua mbao na kuziba madirisha. Huku kwetu, wingu lililoonekana kama pamba saa nane mchana linaweza kuwa juu ya paa lako saa kumi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya siku kadhaa kuhusu mvua kubwa, lakini haiwezi kukwambia ni mtaa gani utapigwa na saa ngapi. Kwa hiyo kazi yoyote inayohitaji zaidi ya nusu siku ifanywe wiki za kiangazi. Tahadhari ikitoka, fanyeni yale ya nusu siku. Wingu likionekana, iwe ni kufunga, kuzima na kuhesabu watu tu.

Mafuriko yana saa yake tofauti. Mto Nyando hupata maji yake kwenye miinuko ya Kericho na Nandi. Ahero panaweza kuwa na jua kali na maji bado yakaja. Nzoia nayo hushuka kutoka Cherang'any na Mlima Elgon hadi Budalang'i. Kila kikundi cha majirani kiwe na nambari za simu za watu wawili wanaokaa juu ya mto, mmoja karibu na mwingine mbali zaidi. Maswali ya kuwauliza ni haya: mvua imeanza saa ngapi, maji yamefika alama gani kwenye nguzo ya daraja, yanapanda au yanashuka. Jibu la "mvua ni kubwa" halisaidii kitu.

FundiPaa_Kondele aliandika:

Nijibu la paa, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa na maisha.

Paa halisukumwi na upepo, huinuliwa. Upepo ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, hasa pembeni, kwenye kona na kwenye kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Mlango ukiwa wazi upande unakotoka upepo, hewa inaingia na kusukuma kwa ndani. Juu linavutwa, chini linasukumwa, na kilicholishika ni msumari tu. Bati la kona likishaondoka, la pili lina ukingo wazi, na baada ya hapo zinaenda kama karata.

Sehemu tatu huachia, na fundi akikagua moja tu amefanya kazi bure.

Ya kwanza ni bati kwenye mbao. Msumari wa mabati wenye kofia na mpira upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe kwenye bonde, la sivyo maji yatapenya, mbao ioze, na msumari utoke kwa mkono. Kwenye ukingo wa chini, kwenye kofia na kwenye pande mbili za mwisho, piga kila mgongo wa pili, na kwenye kona piga kila mgongo. Misumari yenye msokoto hushika kuliko ile laini. Msumari uliolegea usiugonge tena kwenye tundu lile lile. Uchomoe, ziba tundu, piga mwingine mrefu zaidi kando yake.

Ya pili ni mbao ya kupigilia mabati kwenye trasi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Hapa wengi hupiga msumari mmoja wa inchi 3 kutoka juu, na mvuto wa upepo unauchomoa moja kwa moja. Piga miwili kwa mshazari, mmoja kila upande, kisha zungusha waya wa kufungia nondo mara mbili na uukaze kwa koleo.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika kabisa: trasi kwenye ukuta. Paa zima hunyanyuka na trasi zake kwa sababu mbao iliyolala juu ya ukuta imewekwa tu, haikufungwa. Tumieni ule ukanda mwembamba wa chuma ambao mafundi huita hupu aini. Upite juu ya trasi, ushuke pande zote mbili za ukuta, uingie kwenye kiungo cha matofali angalau kozi (safu za matofali) tatu au nne kutoka juu ya ukuta. Ukifunga kwenye kozi ya juu peke yake, upepo utabeba paa pamoja na kozi hiyo. Kwa nyumba ya udongo na nguzo, fungeni trasi kwenye nguzo, si kwenye fito.

Na veranda. Bati la veranda lisiwe mwendelezo wa paa kuu. Likiwa peke yake, likienda linaenda lenyewe. Ukingo wa paa unaotokeza nje usizidi sentimita 45 hivi.

Kazi hii ni ya majirani wanne: mmoja juu, mmoja ngazini, wawili chini wakikata waya na kushika ngazi. Nyumba moja ya vyumba viwili huchukua asubuhi moja. Plot nzima ni wikendi mbili. Na nisisitize: wingu likishaonekana, hakuna mtu kupanda. Bati lililolegea siku hiyo liacheni. Hamisheni watu waende chumba cha mbali na kona hiyo.

Mama_Kibuye aliandika:

Asante fundi. Mawe na matairi juu ya paa yana faida? Na nimesikia tufungue madirisha ili upepo upite, paa lisipasuke. Ni kweli?

FundiPaa_Kondele aliandika:

Hapana kwa yote mawili, mama. Jiwe halitoshi uzito wa kuzuia mvuto, na likianguka linaua. Tairi nalo huhifadhi maji ya mbu. Madirisha fungeni, yote, pamoja na milango, na kwanza yale yanayotazama upepo. Kufungua ndiko kunakoingiza ile hewa inayosukuma paa kwa ndani. Mlango wa mbao dhaifu uegemezeni kwa ndani na mti uliokatwa kwa kipimo chake, mguu wake ukikanyaga sakafu kwenye kizuizi.

Kama hakuna muda wala pesa ya hupu aini, kuna njia ya dharura. Kamba nene ipite juu ya paa toka upande mmoja hadi mwingine, karibu na kila mwisho wa nyumba, ifungwe chini. Wekeni gunia tupu lililokunjwa pale inapokanyaga ukingo, bati lisiikate. Shida iko chini: kigingi kwenye udongo mweusi wa Kano hushika vizuri kikavu, ukilowa unakichomoa kama karoti. Badala ya kigingi chimbeni mtaro mfupi wa kina cha sentimita 75, lazeni gogo la mita moja ndani yake, kamba ifungwe katikati ya gogo, kisha shindilieni udongo tabaka kwa tabaka. Kamba ya nailoni hunyumbuka ikilowa, kwa hiyo ikazeni tena baada ya mvua ya kwanza.

Kwa vibanda vya sokoni, msihangaike kuokoa turubai. Lishusheni mapema mlikunje. Turubai ni tanga, litang'oa nguzo zenyewe. Mabango ya mbao na bati yalazwe chini, yafungwe pamoja. Miti nayo, hasa mikaratusi na mijakaranda mizee, ipunguzwe matawi wakati wa kiangazi, na tawi kubwa likatwe kwanza kwa chini theluthi moja ndipo likatwe kwa juu, la sivyo litachana gome hadi shinani.

JembeNaMtaro aliandika:

Mitaro. Wanaokaa Nyalenda na Manyatta wanajua mto Auji ukijaa unavyorudi hadi vyumbani. Kosa la kila mwaka ni kuanza kuzibua pale kila mtu anapokaa. Zibueni kuanzia chini kwenda juu. Ukizibua juu wakati kalvati ya chini imeziba, umempelekea jirani wa chini maji yako yote, tena kwa kasi.

Siku ya kazi, watu kumi na watano, majembe sita, sururu mbili, reki tatu, wilibaro mbili. Wekeni mtu mmoja kwenye kila kalvati akiwa na mti mrefu, afanye kazi akiwa nje ya mtaro. Hakuna kuingia ndani ya kalvati, hata ikiwa kavu. Matope yatupwe mita mbili au zaidi kutoka ukingoni na yabebwe siku hiyo hiyo. Yakiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inayarudisha. Nyasi za kingo zifyekwe, zising'olewe, mizizi yake ndiyo inashika ukingo.

Magunia ya mchanga sasa. Gunia la kilo 50 lijazwe chini ya nusu, kama kilo 22. Watu hulijaza hadi mdomoni wakidhani ni nguvu. Gunia lililojaa ni gumu kama mtungi, halilaliani na mwenzake, maji yanapita kati. La nusu hujilaza. Mdomo usifungwe kwa kamba, ukunjwe chini ya gunia lenyewe. Gunia lilale kufuata mkondo wa maji, mdomo uliokunjwa ukitazama kule maji yanakotoka. Pangeni kama matofali, kila gunia likifunika kiungo cha chini yake, na kila tabaka likanyagwe kwa miguu kabla ya linalofuata. Upande wa maji tandazeni karatasi ya nailoni, ncha yake ya chini ikibanwa na tabaka la kwanza.

Hesabu: kwa kimo cha sentimita 30, tabaka tatu, safu mbili chini na moja juu, ni kama magunia 10 kwa kila mita. Mlango mmoja, ukiongeza sentimita 30 kila upande, ni magunia 15 hivi. Milango kumi na miwili ni 180, na hakuna plot itakayoyajaza kwa saa mbili. Kwa hiyo JiraniManyatta, mwenye uzi huu, msizibe milango. Zibeni lango. Mita nne kwa magunia 40, kama kilo 900 za mchanga, mzigo wa pikapu moja. Mchanga ununuliwe mapema, umwagwe ndani ya ua ufunikwe, na magunia yawe tupu yakisubiri. Watu wawili, mmoja anashika mdomo mmoja anapiga sepeto, na wa tatu anabeba.

Tahadhari mbili. Ukuta wa magunia huzuia maji ya nje, lakini mvua ya paa lenu inaanguka ndani. Acheni sehemu ya chini kabisa ya ua kwa ndoo na zamu ya kuteka. Pili, udongo mweusi wa mfinyanzi haufai magunia, ukilowa hauingii kwenye gunia na ukikauka unapasuka. Mchanga, au muramu ukikosa mchanga. Na maji yakizidi goti nje ya lango, acheni kupandisha ukuta. Ondokeni.

Nyakwar_Budalangi aliandika:

Omera, hesabu ya mjini nimeikubali, lakini kwetu adui ni tuta la kuzuia mto kuvunjika. Niongeze la matuta, kwa kuwa wengi hutazama juu ya tuta kuona kama maji yanafurika, hali tuta huvunjikia chini.

Zamu ya kulinda tuta ni watu wawili wawili, mchana na usiku, kila jozi na kipande chake cha mita 500 hivi, wakitembea upande wa nyumbani, si juu tu. Wanatafuta maji yanayochuruzika. Yakiwa safi, wekeni alama ya mti na mrudi kila nusu saa. Yakiwa na tope, tuta linaliwa ndani, na hapo piga filimbi.

Chemchemi ikibubujika nyuma ya tuta, usiizibe. Ukiiziba maji yatatafuta tundu jingine karibu, mara nyingi kubwa zaidi. Jengeni pete ya magunia kuizunguka, kipenyo cha mita moja au zaidi, mkiipandisha polepole hadi maji ndani ya pete yatulie na kutoka safi juu yake. Uzito wa maji hayo ndiyo dawa. Acheni yaendelee kutoka safi kupitia mfereji mdogo juu ya pete.

Mashimo ya fuko na kenge, njia za ng'ombe zinazokatisha tuta, na mizizi ya mti uliokatwa, hayo yote yazibwe kiangazi kwa udongo ulioshindiliwa. Mpunga na mahindi yaliyovunwa yahamishwe kwa jamaa wa juu tahadhari ikitoka, kwa sababu gunia likilowa ni sumu ya ukungu, hata mkilianika. Ng'ombe watolewe siku moja mapema na vijana wawili. Msiwafunge kamba usiku wa maji.

Mitumbwi mnayoweza kuitegemea iorodheshwe: wa nani, unabeba wangapi, makasia yako wapi usiku. Mtumbwi uliofungiwa kufuli na mwenyewe yuko Port Victoria hauhesabiki.

Mzee_waPlot aliandika:

Haya yote ni kazi ya kaunti na ya mwenye nyumba. Mpangaji anunue hupu aini ya paa la mtu mwingine?

JembeNaMtaro aliandika:

Mzee, heshima yako. Dai hilo ni halali na liandikwe barua kwa mwenye plot na nakala kwa chifu, mkiorodhesha trasi zilizolegea na kalvati zilizoziba, kwa picha. Lakini barua haitazuia upepo wa jioni hii. Njia inayofanya kazi ni kukubaliana naye kimaandishi kwamba gharama ya misumari na waya ikatwe kwenye kodi, na stakabadhi zitunzwe na mtu mmoja. Ukikataa kuchangia, chumba chako kiko chini ya paa lile lile, na kona yako ikiachia ndiyo inamfungulia jirani.

Mzee_waPlot aliandika:

La kukata kwenye kodi nimelikubali. Nitaongea na wenzangu.

Muuguzi_Nyando aliandika:

Niruhusuni niandike kwa urefu, maana upepo huua siku moja, maji machafu huua wiki tatu zinazofuata.

Kwanza watu. Kiongozi wa nyumba kumi awe na daftari, si simu peke yake. Kila nyumba: idadi ya wanaolala hapo, wenye mimba wanaokaribia kujifungua, watoto chini ya miaka mitano, wazee, walemavu, na wenye dawa za kila siku. Kando ya kila asiyeweza kutembea yaandikwe majina mawili ya wa kumbeba, si moja, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa kazini. Yule bibi asiyeweza kutembea aliyetajwa na mwenye uzi abebwe kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, watu wawili, na ashikizwe kwa leso kifuani. Jaribuni siku ya jua, mjue mlango unaruhusu kiti kupita. Mama mwenye mimba ya miezi tisa ahamie karibu na hospitali wakati tahadhari ikitoka, kabla barabara haijakatika.

Dawa za presha, kisukari, TB na ARV: mwombe kliniki mapema akiba ya wiki mbili, na uzifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi. Insulini iliyofunguliwa inakaa kama wiki nne bila friji ikiwa mahali pa baridi. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, kinatosha.

Maji. Kila mtu lita 3 za kunywa kwa siku, kwa siku tatu. Familia ya sita ni lita 54, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Jazeni kabla, kwa kuwa mabomba hupasuka na visima hujaa maji ya vyoo. Baada ya mafuriko hakuna kisima safi, hata kile kinachoonekana kama kioo. Chujeni kwa leso iliyokunjwa mara nne, kisha chemsheni hadi yatokote kweli kweli kwa dakika moja. Kwa wanaokaa juu ya mita 2,000, kama sehemu za Kericho, dakika tatu. Kuni zikilowa, tumieni dawa ya klorini. Iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, fuateni kipimo cha chupa. Ile ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni, yenye asilimia 3.5, ni mililita 3 kwa mtungi wa lita 20, na mililita 6 kama maji bado yana ukungu. Tumieni sindano ya duka la dawa kupima, si kifuniko. Tikiseni, subirini dakika 30. Yanapaswa kunukia klorini kidogo. Yasiponukia, rudieni kipimo hicho na kungoja tena. Mtungi wenye mdomo mwembamba, usichotwe kwa kikombe.

Kuhara kukianza: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Chumvi ikizidi inadhuru mtoto, kwa hiyo onja, isizidi chumvi ya machozi. Kuhara kama maji ya mchele, msingoje asubuhi. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, bila malipo.

Choo cha shimo kilichojaa zaidi ya nusu kifukiwe kabla ya msimu. Kilichobaki kizungushiwe tuta la udongo la sentimita 30 ili maji ya juu yasiingie.

Na kutembea ndani ya maji: yanayokimbia yakifika sentimita 15, kwenye kifundo tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinasukuma gari dogo. Msimruhusu bodaboda awaambie anaijua barabara.

FundiStima aliandika:

Kwa ufupi. Swichi kuu izimwe kabla maji hayajaingia, na asiizime mtu aliyesimama kwenye maji au mwenye mikono mibichi. Mjue leo swichi kuu ya plot iko wapi na ufunguo wa kisanduku uko kwa nani. Nyaya za kuunganisha zinazolala sakafuni zipandishwe juu ya kimo cha meza. Waya ulioanguka nje usisogelewe chini ya mita 10, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa kuburuza miguu yote miwili pamoja, bila kuinua mmoja.

Radi: ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Ikifika chini ya sekunde 30, tokeni shambani, ziwani na uwanjani. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Chini ya mti si mahali pa kujikinga, na banda la mabati lililo wazi halina kinga. Shule au kanisa lenye nyaya na mabomba ndani ya kuta ni bora, au ndani ya gari la bodi ya chuma. Chomoeni nyaya za paneli ya jua. Kwenye ufuo wa Dunga na fuo nyingine, mtumbwi urudi kwa ngurumo ya kwanza, si kwa tone la kwanza.

BondeNakuru aliandika:

Huku Nakuru msitusahau. Sisi shida ni mteremko. Udongo wa majivu ya volkano ukishiba huporomoka au kufunguka nyufa. Ufa mpya shambani baada ya mvua kubwa, mlango ulioanza kukwama ghafla, nguzo za ua zilizoinama pamoja upande mmoja: hizo ni ishara za kuhama siku hiyo, na mtaro wa kuelekeza maji mbali na ufa uchimbwe na majirani wa juu.

Ishara kubwa zaidi ni mto kupungua ghafla wakati juu bado kunanyesha. Watu hufurahi, kumbe kuna takataka, magogo na mawe yameziba mahali. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa namna hiyo yaliachia watu wakiwa usingizini. Mto ukipungua bila sababu, wa kando ya mto wapande juu mara moja, kwa kukatisha mteremko wa pembeni, wasikimbie kufuata bonde. Wanaokaa chini ya mabwawa ya mashamba nao watazame upande wa chini wa ukuta wa bwawa: unyevu mpya, nyasi mbichi mahali palipokuwa pakavu, au maji yenye tope. Ripoti kwa chifu siku hiyo, na msilale hapo. Solai tunaikumbuka, bwawa lilipopasuka 9 Mei 2018, nayo ilikuwa usiku.

JiraniManyatta aliandika:

Nimeandika kila kitu. Ishara ya kuwaita watu iwe ipi, kwa kuwa simu hufa na mtandao hupotea?

WinguLaNamLolwe aliandika:

Filimbi tatu fupi ni "funga na uhesabu". Filimbi moja ndefu inayorudiwa ni "ondoka sasa". Debe lipigwe kama filimbi haisikiki kwenye mvua ya mabati, na kweli mara nyingi haisikiki, kwa hiyo kila nyumba ya tatu iwe na mtu wa kugonga mlango wa jirani. Mahali pa kukutana pawe pawili, maana njia ya kwanza yaweza kuwa mtaro. Watoto wafundishwe zote mbili. Simu zichajiwe tahadhari ikitoka, na mbili zizimwe kabisa ziwe za akiba.

Mama_Kibuye aliandika:

Swali la mwisho kutoka kwangu: maji yakishuka, yale magunia ya mchanga tunayatumia tena mwaka ujao?

JembeNaMtaro aliandika:

Yaliyoguswa na maji ya mafuriko, hapana, mama. Mchanga huo umenyonya maji ya vyoo. Usiwape watoto kuchezea, usiweke kwenye bustani ya sukuma wala kwenye plasta ya nyumba. Vaeni glavu na buti, mwageni kwenye mashimo ya barabara, mbali na kisima, mfunike kwa muramu. Magunia yenyewe yachomwe au yapelekwe jaani. Yale makavu ya akiba yahifadhiwe ndani, kwa kuwa jua hula gunia la plastiki likapasuka mikononi siku mnayolihitaji.

FundiStima aliandika:

Na kabla ya kuwasha swichi kuu tena, soketi zote zilizofikiwa na maji zifunguliwe, zisafishwe tope, zikaushwe siku mbili au tatu, kisha fundi apime. Zikiwashwa zikiwa na unyevu ndani ya ukuta, ukuta wenyewe unaweza kuwa na stima.